Buli Lililosuguliwa

Mama alifariki Jumanne baada ya alfajiri, na siku hiyo hapakupikwa chai nyumbani kwetu Sib. Siku ya tatu, wageni wa msiba walipoondoka, Ibtihal, mke wa kaka yangu Wael, alisimama mbele ya kabati akiitazama seti ya chai ya Kijapani ambayo mama alikuja nayo kutoka Unguja. Alisema vitu kama vile vinafaa kuonekana na watu. Kwetu vilikuwa vinatumika tu. Wael akavifunga kwa mataulo akavipeleka kwake Khoudh. Niliwaacha wavichukue kwa ajili ya baba, ambaye hakutaka tugombane mama hajamaliza hata wiki.

Mama hakulisugua buli la seti ile ndani hata siku moja. Alikuwa akilisuuza tu kwa maji ya moto na kulipindua likauke. Miaka mingi ya chai ililigeuza ndani rangi ya tende, na baba alikuwa hanywi chai ya buli jengine.

Ijumaa moja Ibtihal alitualika. Alikuwa amenunua unga wa chai ya kijani na kifagio cha mwanzi cha kuukorogea, mambo aliyojifunza kwenye simu. Aliwaeleza wageni wake wanne adabu za Kijapani kwa nusu saa, huku akikoroga ndani ya kikombe chenye mkono, povu likimwagikia kisahani. Mmoja akauliza kama sukari inaruhusiwa. Ibtihal akaitazama simu.

Baba akaomba chai ya rangi. Ikaletwa ndani ya buli la mama. Akaonja, akakiweka kikombe chini.

"Nnakunywa nini hiki?"

Nikafunua kifuniko. Ndani buli lilikuwa jeupe kama beseni la hospitali.

"Nimelirowesha kwa klorini siku mbili, wifi, kisha nikalisugua," Ibtihal akasema, na alikuwa amefurahi kweli. "Lilikuwa chafu, sijui mlikuwa mkinywaje."

"Mke wangu hakuwa mchafu," baba akasema, akanyanyuka.

Nikaimwaga chai kwenye sinki lao la marumaru, nikalifunga buli kwa mtandio wangu. Wael alitusindikiza mpaka garini bila ya kututazama. Vikombe niliwaachia, wavipige picha.

Sasa buli liko Sib. Kila siku baada ya alasiri nalitilia majani, iliki na mdalasini. Baba hunywa nusu kikombe, nusu anaiacha.