Sandra wa Redio Kilimani

Concepta Treanor alikuwa na miaka sitini na miwili, na tangu asubuhi alikuwa akipanga na kupangua santuri zake. Redio Kilimani ilikuwa hewani tena, siku hii moja tu, kwa kibali halali, kutoka kwenye karavani ile ile kuukuu, kijumba cha magurudumu, juu ya kilima cha Monaghan, karibu na mpaka. Miaka ya themanini hawakuwa na kibali wala haya. Antena ilielekezwa ng'ambo ya mpaka, na kule Armagh, nchi jirani, watu waliacha viazi viungue jikoni wakisikiliza nyimbo za mapenzi za Sandra.

Sandra lilikuwa jina la hewani la Concepta. Baba yake, mzee Packie, mfugaji wa pale pale chini ya kilima na mtu wa kanisa, alikuwa akiapa kwamba maharamia wa redio ni wahuni watupu, basi binti akamdanganya kuwa anauza viatu mjini. Sasa mzee ana miaka tisini na mmoja, anatunzwa kwenye nyumba ya wazee huko huko ng'ambo, na Concepta hakutaka aondoke duniani bila kuambiwa.

Ndiyo kwanza anasogelea maikrofoni, gari jeupe la wakaguzi wa serikali likachomoza njiani. Mwili haukungoja akili. Aling'oa waya, akakumbatia santuri zote, akatimua mbio mpaka ndani ya banda la kuku.

"We mama, una wazimu?" Malachy, fundi mitambo wao wa siku zote, alicheka hadi akakaa chini. "Kibali tunacho! Si hicho ukutani?"

"Miguu yangu haijui kusoma!" alijibu Concepta kutoka bandani.

Kumbe mkaguzi alikuja kumwombea mama yake wimbo, basi. Concepta alirudi na manyoya kichwani, akafuta yai kwenye santuri, akachomeka waya tena, akasema kabla woga haujamrudia: "Baba, Sandra ni mimi. Mimi Concepta wako. Nisamehe."

Simu ililia papo hapo, Malachy akaiunganisha hewani.

"Nikusamehe nini, mwanangu?" ilisema sauti ya mzee Packie. "Nilikujua siku ya kwanza, ulipokohoa."

"Sasa mbona hukusema, Baba?"

"Ungeacha. Halafu wale ng'ombe wangu, kila gari la wakaguzi likija wamejaa barabarani, ulidhani walijipeleka wenyewe?"

Concepta alicheka huku akilia, Armagh nzima ikimsikia.