Mahubiri ya Kushindana

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba waliingia Bariadi wakipandishiana bei kama wendawazimu, na wazee wa Kanisa la Presbiteri pale kijijini nao walikuwa hawasemezani kwa sababu ya Nyamizi. Mwinjilisti Nyamizi alikuwa amemaliza chuo cha Biblia, na alitaka jambo moja tu duniani: kuwekewa mikono awe mchungaji. Nusu ya wazee walimtaka. Nusu nyingine, ikiongozwa na Mzee Limbu, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, ilisema mwanamke hapana, nafasi hiyo apewe mwinjilisti Januarius.

"Siku hizi ni soko huria," akasema Mzee Maganga, aliyechoshwa na vikao. "Tufanye kama ngoma za mavuno. Wote wawili wahubiri kwa wakati mmoja, huyu huku, yule kule. Atakayekuwa na watu jua likizama, jina lake liende presbiteri, wakubwa wakaliidhinishe."

Kushindana kama Bagika na Bagalu, ngoma mbili uwanja mmoja, watu wakimbilie iliyo tamu! Msukuma gani angekataa? Nyamizi alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaogopa mpaka chakula kikamshinda.

Jumapili ikafika, na loo, vumbi lilitimka! Kwaya ya Januarius ilianza kwa kishindo, watu wakamiminika kwake. Nyamizi akasimulia habari za Debora akiwaamua Israeli, wakarudi mbio, akina mama na watoto mgongoni. Januarius akapanda juu ya meza, wakamwendea. Nyamizi akashuka katikati ya watu, akahubiri huku akicheza, na safari hii hawakuondoka. Mwishowe hata Januarius alivuka uwanja na ngoma yake begani.

"Nataka kusikia Sisera, yule adui wa Debora, alifia wapi," akajitetea.

Upande wa Januarius alibaki Mzee Limbu peke yake juu ya kigoda, amekunja mikono.

Nyamizi alikuwa ameshinda. Ilibaki atulie tu hapohapo. Lakini kila alipomtazama yule mzee moyo ulimuuma, na hatimaye akafunga Biblia, akaanza kumfuata.

"Mayu, mama yetu, usiondoke!" Maganga akapiga kelele. "Jua bado!"

Hakusikia. Na watu, ambao hawakuwa tayari kukosa mwisho wa hadithi, wakamfuata wote. Jua lilipozama, uwanja mzima ulikuwa umejaa upande wa Limbu.

Maganga akashika kichwa. "Basi. Kwa sheria yetu wenyewe, upande wa Januarius umeshinda."

Nyamizi akasimama hapo, akicheka na kulia kwa pamoja. Yote yamekwisha, aliwaza, na nimeyamaliza mwenyewe kwa miguu yangu.

Mzee Limbu akainuka polepole.

"Nimekaa hapa nusu ya siku," akasema. "Mwanangu wa kumzaa ameniacha. Januarius niliyempigania ameniacha." Akawageukia wazee wenzake. "Pelekeni jina la aliyenifuata. Na mfanye haraka, kabla sijabadili mawazo."