Kinga ya Mkanda

Siku tuliyomzika shemeji yangu, mwenye mashine ya kusaga alikuja na viatu vyeupe kwa unga. Alimshika mama mkwe mikono yote miwili, akamwambia, "Pole sana, mama. Ndiyo dunia. Ajali haina kinga."

Nilikuwa nimekaa chini ubavuni kwa mama, nimeinama. Mimi si mtu wa maneno. Kwetu walikuwa wakiniita Kobe, maana nikisikia mgeni tu, kichwa kinaingia ndani. Siku ile midomo ilijisemea yenyewe.

"Ilikuwa nayo," nikasema.

Mwenye mashine hakusikia, alikuwa ameshampita mama na kumfikia mume wangu. Mama alisikia. Alikuwa ameniegemea begani, na bega likawa jepesi ghafla.

Maneno yale kila mtu huyasema msibani, kama anavyosema pole. Lakini kwetu sisi tuliofanya kazi kwenye mashine ya kusaga, kinga ni kitu cha kushika. Ni tenga la nondo na wavu wa chuma, linalofunika mkanda unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kinu. Mimi nilikuwa nafagia pale na kushona midomo ya magunia. Mume wangu alikuwa anabeba magunia hayo. Kaka yake ndiye aliyekuwa msagaji, na wateja walimwita Ngurumo, kwa sababu alizoea kushindana na injini kwa sauti, hata nyumbani akiomba chumvi jirani anaitika.

Mkanda ulikuwa umechakaa, unateleza. Ukiteleza, unasuguliwa kwa ulimbo mkavu ili ushike. Kazi hiyo Ngurumo aliifanya injini ikiwa inaunguruma, maana kuizima ni rahisi, kuiwasha tena ni kuomba dua. Kila mara alilazimika kufungua nati, kutoa kinga, kusugua, kuirudisha. Siku moja hakuirudisha.

"Wewe Ngurumo," mama mmoja akamtania kutoka kwenye foleni, "umeivua mashine nguo?"

"Ina joto, mama. Nyie geuzeni macho."

Foleni nzima ikacheka. Nami nilicheka.

Siku aliyokufa nilikuwa nje na sindano yangu ya magunia. Nilisikia mashine ikibadilisha sauti, kama mtu aliyepaliwa. Mkanda ulikuwa umeshika mkono wa ovaroli yake. Nitaishia hapo.

Msiba ulipokwisha, mwenye mashine alimwita mume wangu akampa nafasi ya kaka yake. Mume wangu akakubali palepale. Aliniambia jioni, anavua viatu, hanitazami.

"Na kinga?" nikamuuliza.

"Bosi anasema atachomelea nyingine."

"Lini?"

"Siku moja."

"Ile ya zamani iko wapi?"

"Kaka ndiye aliyeibeba. Kamuulize yeye." Akajuta. Kisha akajaribu kucheka. "Mke wangu, kama nimeandikiwa kufa kwa mkanda, nitakufa kwa mkanda hata nikiuza maua."

"Mkanda utakufuata kwenye maua?"

"Utanifuata. Utakuja umejifunga kiunoni kwa mtu."

Alitaka nicheke. Niligeukia ukutani.

Asubuhi nilimwendea mama mkwe jikoni. Alikuwa anachambua mchele, vidole vinakwenda haraka kuliko macho. Nilizunguka sana, mara nisifie mchele, mara niulize mgongo wake umeamkaje, mpaka nikasema: mzuie mwanao, wewe atakusikia.

"Mwanangu," akasema, "wazee wetu waliposema ajali, hawakuwa na maana ya gari kupinduka. Ajali ni ile siku ya mtu, aliyopangiwa. Ikifika, hata ujifungie kabatini, itabisha hodi. Isipofika, utaogelea na mamba utoke na taulo lako. Huyu naye ana siku yake. Siijui mimi, huijui wewe."

"Ndiyo, mama."

"Basi niletee mkaa."

Mkaa ulikuwa kwenye chumba kidogo cha nyuma, ambacho ufunguo wake alikuwa anakaa nao mwenyewe. Aliufungua kwenye kamba kiunoni akanipa. Nadhani alijisahau. Au hakujisahau, sijui mpaka leo.

Ndani mlikuwa na giza na vifaranga walikuwa wanalia. Walikuwa wamefunikwa kwa kitu kikubwa chini ya gunia. Nikafunua gunia nione kama wana maji. Chini yake palikuwa na nondo, na wavu wa chuma, na matundu manne ya nati, na unga wa zamani umeganda kwenye kona.

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Nilimwomba mimi," alisema. "Paka walikuwa wananimalizia vifaranga. Nikamwambia, mwanangu, nitafutie kitu. Akasema, mama, kazini kuna kitu kizuri, kinanisumbua tu. Akakileta kichwani, anaimba."

Nililirudisha gunia mahali pake.

"Siku ile nilikusikia, Kobe. Ulisema ilikuwa nayo." Alikuwa hajawahi kuniita jina hilo, wala sijui nani alimwambia. "Tangu hapo silali. Kama ni kudra, ni kudra, nitamlilia Mungu na Mungu amezoea kuliliwa. Kama si kudra, ni mimi. Na vifaranga wenyewe hawa hapa. Nimchinje yupi?"

Ningeweza kumwambia siku ya shemeji ilikuwa imefika. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, mepesi, na yangempa usingizi. Lakini ningeyasema, kinga ingebaki juu ya vifaranga, na mume wangu alikuwa ameshatoka kwenda kuiwasha injini.

"Mama," nikasema, "naiomba."

"Unaiomba uifanyie nini?"

"Nikaifunge."

"Ukaifunge." Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Ukaifunga, na huyu akaishi mpaka akaota mvi, hiyo itakuwa na maana gani kwa yule? Umefikiri hilo?"

"Nimefikiri, mama."

"Na bado unaiomba."

"Bado naiomba."

Alinitazama kwa muda mrefu. Mimi huwa sitazamani na mtu mzima, lakini safari hii sikushusha macho, na machozi yalikuwa yananitiririka. Mwishowe akainuka. Akawakusanya vifaranga mmoja mmoja ndani ya ndoo, taratibu, akiwapuliza manyoya. Kisha akashika nondo upande mmoja.

"Shika huko," alisema. "Peke yako hutaiweza. Yule alikuwa na shingo."

Tuliibeba kati yetu barabarani. Watu walitusalimia, mama akaitikia wote vizuri. Kwenye kona ya duka la sabuni alisimama apumue, nikadhani atarudi. Akabadilisha mkono, tukaendelea.

Mashineni foleni ilikuwa imeshafika mlangoni. Mume wangu alikuwa anazungusha hendeli ya kuwashia, bado injini haijakubali. Alimwona mama yake, akaiona kinga, akaelewa kilikotoka kitu kile na maana yake. Alichukua spana. Wateja wakaanza kunung'unika, mmoja akasema leo tutakula nafaka nzima kama njiwa. Mume wangu alikaza nati zote nne, akaitikisa kinga kwa mikono miwili, haikutikisika. Akawasha.

Mama alikuwa hajawahi kuingia ndani ya chumba cha mashine. Alikwenda mpaka kwenye kinga na kuinama. Mkanda ulikuwa unakimbia nyuma ya wavu, huuoni vizuri, unaona kivuli cheusi kinatetemeka. Akanyoosha mkono wake, ukiwa na mkono mrefu wa gauni, akaulaza juu ya wavu. Nilimshika kiuno. Nguo yake ilipepea kwa upepo wa mkanda, ikagonga chuma, ikatulia.

Alisogeza mkono juu, akausogeza chini. Akajaribu vidole.

"Haufiki," alisema.

Injini ilikuwa inapiga kelele, nilisoma midomo yake tu.

"Haufiki kabisa."

Nikamkalisha juu ya magunia. Tangu msiba uanze alikuwa hajalia mbele ya mtu. Sasa alilia kinywa wazi, na kwa ile kelele sauti yake haikusikika. Mume wangu aliachia kinu, akanyoosha mkono kuzima. Mama akamkataza kwa kiganja, akamwonyesha foleni. Watu walikuwa wanangoja unga.