Muite Ndaki

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka thelathini na tisa, ikapita redioni, harusini na kwenye baa zote kuanzia Bukoba mpaka Muleba, na watu njiani wakanipigia makofi.

Mimi ni Clavery, gitaa la solo, bendi ya Kanoni Soul. Mtajie mtu wa rika langu hapa mjini "Mvua ya Kitendaguro" uone atakavyotikisa kichwa. Katikati ya wimbo ule Getruda, mwimbaji wetu, anaita, "Clavery, lia nalo!" kisha gitaa linaingia na kulia hasa. Ndivyo bendi zetu zilivyofanya. Mwimbaji anamwita mpigaji kwa jina kabla hajaingia, ili watu wamjue.

Sasa sikiliza. Gitaa lile sikulipiga mimi.

Mwaka 1986 gari la redio lilikuja Bukoba kurekodi bendi za mkoa. Mimi nilikuwa harusini Muleba, pombe ya rubisi ikanishika miguu, nikafika mjini siku ya pili saa nane mchana, gari limeshaondoka. Kwenye kiti changu alikuwa amekaa Ndaki, kijana wa Kisukuma aliyekuwa akileta samaki kutoka kisiwa cha Bumbire na kushinda nasi mazoezini. Alipiga yeye. Getruda, kwa mazoea tu, ulimi ukamwita Clavery. Alishtuka, lakini watu wa redio walikuwa na haraka zao, hawakurudia.

Wimbo ulipoanza kusikika, Ndaki alinifuata sokoni. "Kaka, si uwaambie tu kwamba nilikuwa mimi?"

Nikamjibu mbele ya wateja wake: "Wewe mvuvi, jina la redioni utalipeleka wapi? Utawaimbia sangara?"

Watu wakacheka. Alikunja turubai lake akaondoka, na kwenye bendi hakuonekana tena. Wenzangu walijua, wakanyamaza. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kwenye dansi nilipiga vya kwangu, na mtu akiuliza mbona si kama redioni, namwambia, "Msanii hajirudii, bwana." Msanii! Mtu mzima mimi, sina hata haya.

Bendi ikafa. Wanabendi waliokuwepo siku ile ya kurekodi wakafa mmoja mmoja, akabaki Getruda peke yake. Mwaka huu Onesphory, mpiga besi aliyejiunga nasi baadaye, alistaafu ualimu akarudi kwao Kitendaguro na wazo kichwani. Turekodi. Nyimbo nne mpya tulizotunga wenyewe, kwa soul ile ile ya zamani, na "Mvua" iwe ya tano. Nilifurahi kama mtoto, mpaka alipoongeza, "Ila 'Mvua' iwe vile vile ilivyokuwa. Hasa gitaa lako, Clavery, noti kwa noti. Watu wamelikariri." Getruda aliinama akawa anachezea pete yake.

Nilihangaika wiki mbili. Wapi! Kuna mahali gitaa linashuka taratibu, kama mtu anayeteremka mlima na mkungu wa ndizi kichwani. Vidole vyangu vinaporomoka na mkungu wote. Ndipo nikafanya jambo ambalo hata kulisimulia naona aibu. Nilipanda basi mpaka Muleba, nikateremka mwaloni kwenye boti za wavuvi, nikavuka kwenda Bumbire kumwomba Ndaki anifundishe gitaa langu.

Nilimkuta anaanua dagaa. Alinitambua kabla sijafungua mdomo. "Karibu, kaka Clavery." Akanipokea gitaa, nami nikauona mkono wake wa kushoto. Vidole viwili havipo. Kamba ya nanga, akasema, zamani sana, na tangu hapo hakupiga tena.

Siku mbili alinifundisha kwa mdomo, akiimba noti moja moja, na kwa vidole alivyobakiwa navyo akisogeza vyangu juu ya nyuzi. "Hapo usikimbie. Subiri. Liache lilie." Ningekuwa mimi, mtu kama mimi ningemfukuza kwa mawe.

Siku ya pili mkewe, Yuster, alitutengea ugali na sato wa kuchemsha, akakaa nasi.

"Kumbe ndiye wewe Clavery wa redioni! Waitu! Basi nikwambie kichekesho, shemeji. Huyu mzee wangu alikuwa anawaambia watoto kwamba gitaa lile alipiga yeye. Limbu, mkubwa wetu, akaenda kujitapa shuleni, akarudi analia. Wenzake wamemwambia redio inamwita Clavery, kwani baba yako ni Clavery? Nikamwambia mwenyewe, Baba Limbu, acha uongo, unawaaibisha watoto. Akaacha. Lakini hapa kisiwani mpaka leo wanamwita Ndaki Redio."

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Ndaki alikuwa anachambua miba, hakuinua kichwa.

Lilihitajika neno moja tu, na mwenye neno hilo nilikuwa mimi. Nikasema, "Ah, shemeji, enzi zile tulikuwa tunasaidiana."

Tulikuwa tunasaidiana! Mungu wangu. Ndaki alinitazama mara moja, akarudi kwenye samaki wake. Tonge lilinikaba, nikasingizia mwiba. Asubuhi yake alinisindikiza mpaka kwenye boti, akaniambia tu, "Pale pa kushuka, usisahau." Afadhali angenitukana.

Studio iko Rwamishenye, chumba nyuma ya duka, magodoro yamepigiliwa ukutani. Mwenyewe ni Maulida, dada mmoja mwepesi wa kazi. Nyimbo nne zilikwenda vizuri. Sauti ya Getruda imekwaruzwa na umri na imezidi utamu. Ikafika zamu ya "Mvua".

"Clavery, lia nalo!"

Nikapiga noti mbili, mkono ukagoma. Niliona kitoto kinarudi kutoka shule kinalia.

"Simamisha, Maulida."

"Umekosea, mzee?"

"Tangu mwaka themanini na sita."

Nikawaeleza yote, rubisi, sokoni, sangara, mpaka ile "tunasaidiana" yangu. Onesphory alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Getruda alilia. "Na mimi je? Ulimi ulikuwa wangu. Niliogopa ungetuvunjia bendi."

"Muite Ndaki," nikamwambia.

"Lakini anayepiga ni wewe," Onesphory akasema.

"Nimesema muite Ndaki!"

Getruda akaita. "Ndaki, lia nalo!" Nikapiga, na pale pa kushuka nikakimbia kidogo. Tulirudia mara sita, zote zikawa mbaya zaidi, tukabaki na ile ya kwanza.

Jumapili baada ya misa nikampigia Ndaki simu, nikamwambia aweke sauti juu mkewe naye asikie. Nikaucheza wimbo. Jina likaitwa, gitaa likalia mpaka mwisho.

Kisha Ndaki akacheka. "Kaka, pale pa kushuka umekimbia. Sasa watu watasema Ndaki kazeeka."

Kumbe hata kosa langu nimemtwika yeye. Kabla sijajibu, nikamsikia Yuster. "Hebu rudia hapo wanapoita."

Nikarudia. Akasema, "Tena." Nikarudia tena.

"Kwa hiyo ilikuwa kweli?" akauliza. Hakuwa ananiuliza mimi.

"Si nilikwambia," Ndaki akajibu.

Nilimsikia Yuster akianza kulia. "Nisamehe, Baba Limbu. Nilikuita mwongo mbele ya watoto wako. Nisamehe, mume wangu."

Nilikuwa nimesimama uani kwangu, simu sikioni. Mama wa watu hana kosa lolote, na neno hilo limemtoka hapo hapo. Mimi nimekula samaki wa Ndaki, nimevishika vidole vyake, nimeliita jina lake studio, na neno hilo sijamwambia hata siku moja.

"Ndaki," nikasema, "na mimi naomba..."

"Ngoja kwanza, kaka," akanikatiza kwa upole. "Mama Limbu analia."

Nikangoja.