Chumba chenye Roshani

Fundi alikuwa na sababu nyingi za kukataa chumba chenye roshani, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli.

"Kule juu meli inayumba," alimwambia mkewe, kidole juu ya picha ya meli ya starehe. "Chumba cha ndani, katikati, utalala kama mtoto. Halafu upepo wa chumvi, utakukausha ngozi. Na nyongeza yenyewe ni bei ya cherehani mpya! Cherehani nzima, mke wangu, kwa mlango wa kioo?"

Nani wa kumbishia? Mtu kafanya kazi miaka ishirini na sita kwenye chumba cha injini cha meli za mizigo, anarudi nyumbani ananuka dizeli hata akioga mara tatu. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Binti yao, aliyewalipia wazazi wake safari hiyo ya siku tano, akatazama saa. Wakala wa tiketi alitaka jibu kabla ya saa kumi.

"Mama, na wewe unasemaje?"

Mama alikuwa kwenye cherehani, anageuza ukosi wa shati la mteja. Hakuinua macho. "Mimi nataka roshani."

"Ya nini sasa?" Fundi akauliza.

"Nataka nisimame kule juu uliposimama wewe. Miaka yote nilikupungia kitambaa gatini, na wewe ukanipungia kofia. Nataka nijue ulikuwa unanionaje. Basi, sina lingine."

Loo! Hilo hasa ndilo Fundi alilokuwa analikimbia. Maana meli inapong'oa nanga, fundi wa injini yuko wapi? Yuko chini, masikio yamezibwa, jasho linamtiririka, anasubiri amri ya nahodha. Akija kupanda juu, saa mbili zimepita na nchi kavu haionekani tena. Kwa miaka ishirini na sita hakumwona mkewe akipunga hata mara moja. Safari ya kwanza walikuwa na miezi miwili ya ndoa, bibi harusi analia, naye akaropoka, "Usilie, nitakuwa juu nakupungia." Uongo mdogo wa kumbembeleza mtu, akaja kuzeeka nao.

"Lipia cha ndani," alimwambia binti, kwa sauti kali kuliko alivyokusudia.

Cherehani ikanyamaza.

"Sawa," mkewe akasema. Akakunja lile shati taratibu, mikono kwanza, kisha mgongo.

Sawa hiyo Fundi aliijua. Ndiyo aliyoambiwa kila mkataba ulipoongezwa, kila mtoto alipozaliwa yeye akiwa baharini. Safari hii hakuweza kuimeza.

"Mke wangu, sikuwahi kukuona."

"Hukuniona wapi?"

"Gatini. Meli ikitoka mimi niko chini kwenye injini. Sisi wote wa injini tunakuwa chini. Nilikudanganya."

Mkewe akamgeukia pamoja na kiti chake. "Na yule mwenye kofia nyekundu?"

"Mpishi. Nilimpa kofia yangu. Wapishi saa ile wanakuwa na nafasi."

"Mpishi! Miaka yote hiyo?"

"Si mmoja. Nilikuwa nahama meli, unajua. Watano, ukimhesabu yule mnene wa mwisho."

"Yaani mimi, mwanamke mzima na heshima zangu, nimewarushia mabusu wapishi watano?"

Binti alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mama alijaribu kununa, midomo ikamsaliti. "Na huyo mnene," akasema, "ndiye aliyekuwa anapunga kwa moyo! Nikasema leo mume wangu kanipenda."

Kisha kicheko kikamwisha. "Sasa kule chini ulijuaje kama nimekuja?"

"Mpishi alikuwa anashuka kuniambia. Anapaza sauti mlangoni, 'Yupo! Kitambaa cha njano!' Nikishasikia hivyo ndipo roho inatulia, nafanya kazi. Asiposhuka upesi, nakasirika na kila mtu."

Mkewe akafuta macho kwa shati la watu, kisha akaanza kulikunja upya. Fundi akamgeukia binti. "Lipia roshani. Na siku ya kuondoka uje gatini. Kitambaa mama yako atakupa."

Siku ya safari walisimama wawili kwenye roshani iliyowatosha kwa shida. Honi ikalia. Sakafu ikaanza kutetemeka, na miguu ya Fundi ikataka kushuka ngazi yenyewe. Mkewe akamshika mkono. Gatini, katikati ya watu, kitambaa cha njano kilikuwa kinapungwa.

Fundi akavua kofia akapunga. Gati likarudi nyuma, watu wakawa wadogo, wengi wakaanza kuondoka. Njano ilibaki.

"Wewe ulikuwa unasimama mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka meli iishe machoni."

"Hata kwa mvua?"

"Mvua ingenizuia nini? Si ulikuwa unanitazama?"

Fundi akalia, waziwazi, mzee mzima, machozi mpaka kidevuni. Mkono wenye kofia ukamshuka. Mkewe akamshika kiwiko, akauinua tena.

"Punga, mzee," akasema. "Yule mnene hakuwa anachoka mapema hivi."