Kilo za Jokébed

Mwaka ule vita vilipowafukuza watu wa Beu, kule Beni, Jokébed alifika Butembo kwa miguu na watoto wawili: Bénie mchanga kifuani, na Esdras wa miaka saba, mwenye homa, mgongoni. Akapata chumba mtaa wa Mususa, na kazi ya kufagia ukumbi wa Madame Élodie.

Ukumbi wenyewe, jamani, ulikuwa kioja. Katika madarasa ya shule ya jirani wakimbizi waligombea kikombe cha unga, na humu wake wa wafanyabiashara na wa maofisa walilipa wafundishwe kukaa na njaa. Walijinyoosha kwenye mikeka ya plastiki, wakafumba macho, wakavuta pumzi, wakaiita yoga. Kisha wakanunua chai ya Élodie ya kupunguza mwili.

Jokébed alifagia huku akitazama. Baada ya miezi mitatu aliyajua mazoezi yote, tena aliyafanya kuwashinda mabibi wale. Tangu utotoni alibeba mihogo na kuni mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, kama wanawake wote wa kwao. Kusimama kwa mguu mmoja, shingo wima, kungemshinda vipi? Basi Élodie aliposema anatafuta mtu wa kufundisha asubuhi, akajitokeza. Mshahara ule ungemrudisha Esdras shuleni.

Élodie hakumcheka, hilo tumpe. Alimvuta kando.

"Maman Jokébed, unajua yote, ni kweli. Mais ba maman banakuya kuona vile batakuwa, hapana vile beko leo. Toa kilo kumi kwanza."

Akampa chai bure. Mwezi mzima Jokébed akaishi kwa maji yale machungu. Alimpakulia Esdras bugali na sombe, ugali na kisamvu cha kwao, yeye akaangalia ukuta. Mtamwita mjinga, lakini anayetaka kumcheka awe kwanza na mtoto aliyekaa nyumbani wakati wenzake wanasoma. Wiki ya tatu maziwa yakapungua. Bénie alinyonya akalia, akanyonya tena akalia. Jokébed akajionea aibu, kisha hasira ikampanda.

Siku ya kupimwa, Élodie aliweka mizani katikati ya ukumbi, mbele ya wateja wote. Kilo nne tu ndizo zilizotoka. Rébecca, mke wa muuza mabati, akamwambia kwa huruma asikate tamaa, kwamba zimebaki sita tu.

Jokébed akashuka. Akamwinua Bénie aliyekuwa akilia mkekani, akamfunga mgongoni.

"Huu mwili ulileta batoto babili toka Beni mpaka hapa, na miguu," akasema bila kupaza sauti. "Donc munichagulie. Nitoe kilo zenye zilibeba mukubwa, ao zenye zilibeba mudogo?"

Akaegemeza ufagio ukutani, akatoka kichwa juu, kazi ya ufagio na ile aliyoitamani akaziacha humo humo. Alipofika kwake akasonga bugali, akala mpaka jasho likamtoka. Tangu atoke Beni hakuwahi kujivunia mwili wake namna ile.

Jumamosi Rébecca akabisha hodi, mkeka kwapani, na wenzake watano nyuma yake. Maneno yake ya siku ile yaliwaingia, wakamwacha Élodie na mizani yake. Walitaka Jokébed awafundishe. Jokébed akawatazama. Nguo nzuri, midomo mikavu, na mmoja wao ameshikilia ukuta asianguke. Akawapa masharti yake bila kupepesa macho: ada ya Esdras juu yao, na kila wanapokuja walete unga, wa kwao na wa majirani zake waliokimbia Beni. Wakakubali.

Unga wa kwanza ulisongwa siku hiyo hiyo. Mabibi na wakimbizi wakakaa mkeka mmoja, wakibanana, sahani katikati. Rébecca akauliza kwa sauti ndogo kama hawataanza na mazoezi.

"Hapa kwangu, mwenye eko na njaa hapana kusimama na mguu moja," Jokébed akasema. "Munawe mikono."