Kufuli la Gervas

Neno la siri Esther alikuwa nalo kichwani, faili alikuwa nalo kwenye flashi, na bado Hafidha, fundi kompyuta wa mjini Morogoro, alikuwa anaitukana skrini.

"Mumeo katuweza! Takataka tupu, hata herufi za mwanzo hazisomeki. Neno la siri si tatizo, dada. Sijui alitumia maktaba gani."

"Maktaba ndiyo nini?"

"Msimbo wa kufungia uliotengenezwa na wengine. Ziko nyingi, kila moja inafunga kivyake. Nimejaribu zote ninazozijua. Niletee kompyuta yake."

Esther akasonya. Kompyuta ilikuwa Matombo, huko milimani, kwa wifi yake Paskalia. Baada ya arobaini ya mumewe Gervas, ukoo wa mama yake ulikuja kuchukua vya kwao, Kiluguru kabisa, maana kwao mali hurudi upande wa mama: redio, koti la harusi, na kompyuta ambayo Paskalia hakujua hata kuiwasha. Esther akamwita mwizi mbele ya katekista. Tangu siku hiyo hawasemezani.

Lakini ndani ya faili lile mlikuwa na sauti ya Gervas. Kabla lori halijamgonga kule Mikese, alikuwa akimrekodia mtoto aliye tumboni, akafunga ili mama mtu asidokoe; neno la siri Esther alilikuta baadaye kwenye daftari lake. Mtoto sasa anakaa mwenyewe, na Esther ameanza kuisahau sauti ile. Hilo lilimtisha kuliko wifi yeyote. Akapanda mlima.

"Umekuja kumalizia matusi?" Paskalia aliuliza mlangoni.

"Nimekuja kuomba radhi, na kompyuta."

"Kipi kwanza?"

"Kompyuta."

Paskalia akacheka bila kutaka. "Basi nakuja nayo mwenyewe. Simwamini mtu anayeomba radhi mbiombio."

Mjini, Hafidha alipekua programu ya kufungia aliyoiandika marehemu, akapiga kofi mezani. "Loo, mwanaume huyu! Kafuta jina la maktaba, kaandika lake, eti katengeneza yeye!" Ila ndani ya faili la maktaba, kati ya herufi zisizoeleweka, jina la kweli lilikuwa limebaki, pamoja na toleo lake, la zamani mno. Akalitafuta toleo hilohilo mtandaoni, akalipata. Esther akaandika neno la siri.

"Mwanangu, hapa baba," Gervas akasema. "Chukua macho ya mama yako, hata ubishi wake chukua. Ila pua ya shangazi Paskalia, nakuomba, muachie mwenyewe."

Paskalia akamgeukia mtoto aliyepakatwa na Esther, akaitazama ile pua.

"Umechelewa, mdogo wangu," aliiambia kompyuta, akaangua kilio, na Esther akamwekea mtoto mapajani.